Mwimbaji Aliye Chini ya Mretemu

Somo: 1 Wafalme 19:1–8, Zaburi ya 88

Nanena nanyi mlio hapa Kisumu mjini, ninyi wa Ahero na Maseno, wa Kendu Bay na Homa Bay, wa Bondo na Usenge, na ninyi mlio visiwani Rusinga na Mfangano. Wengine mnasikiliza huku mkianika omena, wengine mko njiani kwenda sokoni Kibuye. Popote ulipo, karibu tukae pamoja kwa muda kidogo mbele ya Neno la Mungu.

Leo nataka kusema juu ya ugonjwa ambao watu wengi wanaujua nyumbani kwao, lakini hawautaji kanisani. Madaktari huuita baipola. Wengine wameuita kwa Kiswahili ugonjwa wa hisia mseto. Ni ugonjwa wa akili ambao kwa muda fulani humpandisha mtu juu kupita kiasi, na kwa muda mwingine humshusha chini kupita kiasi. Tena nataka kusema hasa juu ya mtu mwenye ugonjwa huu ambaye Mungu amempa pia kipawa cha sanaa: mtunzi wa nyimbo za kwaya, mpiga nyatiti, mchoraji, mshairi, mchongaji. Watu hawa wako kati yetu. Nchi yetu hii ya ziwa ni nchi ya waimbaji. Hakuna arusi bila wimbo, hakuna mazishi bila wimbo, hakuna Jumapili bila kwaya. Basi tukipenda nyimbo zao, yatupasa pia kujua namna ya kuwatunza wenyewe.

Hebu tumtazame kwanza nabii Eliya. Katika sura ya 18 tunamwona juu ya mlima Karmeli. Siku hiyo alikuwa na nguvu ya ajabu. Alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, na moto ukashuka kutoka mbinguni. Jioni mvua ikaja, naye akapiga mbio mbele ya gari la mfalme mpaka Yezreeli. Lakini geuza ukurasa mmoja tu. Katika sura ya 19 mtu yule yule ameketi jangwani chini ya mti wa mretemu, amechoka, amekata tamaa, naye anamwomba Mungu amwondolee uhai wake.

Sisemi kwamba Eliya alikuwa na baipola. Biblia haisemi hivyo, nami siwezi kumpima nabii. Ninalotaka mlione ni hili: Mungu alimfanyia nini mtumishi wake pale chini ya mti? Je, alimkemea? Alimwambia kwamba imani yake imepungua? La. Alimwacha alale usingizi. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akampa chakula tena, akasema kwamba safari ni ndefu kwake. Maneno juu ya kazi yalikuja baadaye, huko Horebu. Kwanza ulikuja usingizi, na chakula, na mkono wa kumgusa.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo njia ya Mungu ya kumtunza mtu aliyeshuka chini. Je, sisi katika makanisa yetu tunaifuata?

Na tuueleze ugonjwa wenyewe, maana mtu hawezi kumsaidia mwenzake katika jambo asilolielewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 duniani waliishi na baipola. Wamo wazungu na waafrika, matajiri na maskini, walei na makasisi. Mara nyingi huanza katika ujana, yaani kabla mtu hajafika miaka 25 au karibu na hapo. Huelekea kufuata ukoo, kwa hiyo waweza kusikia kwamba shangazi au babu alikuwa nao pia.

Ninyi wavuvi mtanielewa upesi nikitumia mfano wa ziwa. Mwajua kwamba usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Huo ni upepo wa kawaida, na mvuvi hupanga kazi yake kwa huo. Kila mtu naye ana upepo wa namna hiyo moyoni: leo furaha, kesho huzuni. Huo si ugonjwa. Lakini iko siku dhoruba hushuka ghafula ikapindua mashua iliyo imara. Baipola ni kama dhoruba. Mvuvi aliyepinduliwa na dhoruba hatumwambii kwamba hakujua kupiga kasia.

Sasa mfikirieni kijana mmoja. Simtaji mtu yeyote wa kweli, bali ninaweka pamoja mambo yanayowapata wengi. Kijana huyu huchora mashua huko ufuoni. Anaandika majina na maneno ya Biblia ubavuni mwa mashua kwa rangi nzuri, na Jumapili yeye ndiye mtunzi wa nyimbo za kwaya. Wiki moja anaanza kulala saa mbili tu kwa usiku, wala hachoki. Anatunga wimbo kabla ya mapambazuko, na mwingine kabla ya chai. Anasema haraka hata watu hawawezi kumfuata. Anaahidi kununua vinanda kwa kila kanisa la parokia. Anauza pikipiki yake kwa bei ya kutupa ili arekodi nyimbo. Anakasirika akizuiwa. Mwishowe anasimama katikati ya ibada akisema kwamba yeye ni nabii aliyetumwa kwa mataifa yote.

Kisha, baada ya majuma kadhaa, upepo unageuka. Hawezi kutoka kitandani. Rangi zinakauka ndani ya makopo. Kalamu aishike ni kama ameshika jiwe. Hali, au anakula bila kuonja. Anakumbuka madeni na aibu ya siku zile. Anajiona kuwa mzigo kwa mama yake, na wazo la kufa linaanza kumjia.

Katika hali hiyo, kanisa humfanyia nini? Mara nyingi sana tunafanya makosa mawili. Alipokuwa juu tulisema, "Roho amemshukia!" Tukampigia makofi, tukampeleka kutoka mkutano hadi mkutano, tukamwomba aongoze kesha baada ya kesha. Aliposhuka tukasema, "Ametenda dhambi ya siri," au, "Amelogwa," au, "Ni chira." Basi tulisifu homa, na tulihukumu kidonda. Tulipokea nyimbo zake, na yeye mwenyewe tukamwacha.

Lakini Kanisa la Kristo limepata kuwa na watu waliofanya vema zaidi. Nisikilizeni niwape habari za mtunzi mmoja ambaye labda mmeimba nyimbo zake bila kumjua.

Jina lake ni William Cowper, na hutamkwa Kupa. Alizaliwa Uingereza mwaka 1731, mwana wa kasisi. Mama yake alifariki mwaka 1737, mtoto akiwa bado hajatimiza miaka sita. Alisomea sheria. Mwaka 1763, alipotakiwa kufanyiwa mtihani mbele ya wakubwa ili apewe kazi Bungeni, hofu ilimshika hata akili yake ikavunjika, akajaribu kujiua. Jamaa zake walimpeleka katika mji wa St Albans, kwenye nyumba ya daktari aliyeitwa Nathaniel Cotton. Zamani hizo wagonjwa wa akili walifungwa minyororo na kupigwa mahali pengi. Daktari Cotton alimtunza kwa upole. Ilikuwa katika nyumba hiyo, mwaka 1764, kwamba Cowper alifungua Waraka kwa Warumi akaona neema ya Kristo, na moyo wake ukajaa furaha.

Baadaye alikaa na jamaa ya Unwin, na mwaka 1767 alihamia mji mdogo wa Olney pamoja na Mama Mary Unwin, aliyekuwa amefiwa na mumewe. Kasisi wa hapo alikuwa John Newton, yule ambaye zamani alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa. Watu wa Olney walikuwa maskini, wengi wakiishi kwa kufuma vitambaa. Newton na Cowper walitunga nyimbo kwa ajili ya mikutano yao ya maombi. Mwaka 1779 nyimbo hizo zilichapishwa katika kitabu kimoja chenye nyimbo 348, na zaidi ya 60 kati yake ni za Cowper. Wimbo wake juu ya chemchemi ya damu ya Imanueli umetafsiriwa kwa Kiswahili, nao umo katika vitabu vyetu. Tumeuimba katika Meza ya Bwana. Tumeuimba kando ya vitanda vya wagonjwa.

Lakini sikilizeni. Mwaka 1773, kabla kitabu hakijatoka, giza lilimrudia. Aliota ndoto iliyomfanya aamini kwamba Mungu amemtupa milele. Tangu hapo hakuingia tena kanisani kwa ibada. Mtunzi wa nyimbo za Kanisa alikaa nje ya kanisa! Je, Newton alifanya nini? Alimkaribisha katika nyumba yake mwenyewe, akamtunza kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hakumfukuza. Wala hakuziondoa nyimbo zake katika kitabu kwa sababu mwenyewe alikuwa amelala gizani. Naye Mama Unwin alimhudumia miaka mingi mpaka yeye mwenyewe alipougua, akafa mwaka 1796.

Cowper alianza kupona kidogo kwa njia ndogo ndogo. Alipewa sungura wa porini, akawafuga. Akajifunza useremala ili awatengenezee vibanda. Akalima bustani. Kisha akarudi kwenye kalamu. Mwaka 1782 rafiki mmoja alimsimulia hadithi ya kuchekesha ili kumwondolea huzuni, naye akaigeuza kuwa shairi lililochekesha Uingereza nzima. Mwaka 1785 alitoa shairi refu lililomfanya kuwa mmoja wa washairi wakuu wa siku zake. Mwaka 1788 aliandika mashairi ya kupinga biashara ya watumwa, yaani biashara iliyowauza babu zetu wa Afrika. Mtu aliyejiona ametupwa na Mungu alisimama upande wa waliotupwa na wanadamu.

Alifariki tarehe 25 Aprili 1800, na giza lilikuwa bado halijamwacha. Siwezi kuwaambia kwamba habari hii iliisha kwa shangwe. Madaktari wengine wa siku zetu waliosoma barua zake wameona dalili zinazofanana na baipola, wengine wameona huzuni nzito peke yake. Mtu aliyekufa hawezi kupimwa. Lakini jambo hili liko wazi: kama Mama Unwin na Newton wangalimwacha, nyimbo hizo zisingalitufikia. Nyuma ya kila wimbo wake simameni mkaone sahani ya chakula iliyoletwa na mtu, na kitanda kilichotandikwa na mtu.

Sasa nataka kunena na wewe, msanii uliye mgonjwa. Huenda umejificha chumbani unanisikiliza. Najua liko swali moja ambalo huogopa kumwuliza mtu: "Nikimeza dawa, je, kipawa changu kitakufa? Je, zile nyimbo hazikutoka katika moto ule ule?"

Ni swali la haki, nami nitalijibu kwa uaminifu. Mwaka 1949 daktari wa Australia aitwaye John Cade alitoa habari kwamba chumvi ya lithiamu huwatuliza wagonjwa wa namna hii. Dawa hiyo inatumika hata leo, pamoja na nyingine zilizokuja baadaye. Mwaka 1979 daktari wa Denmark, Mogens Schou, alichapisha majibu ya wasanii 24 waliokuwa wakiitumia. Kati yao 12 walisema kazi yao imeongezeka, 6 walisema haikubadilika, na 6 walisema imepungua. Basi sikudanganyi kwamba hakuna apotezaye kitu. Wengine huona kwamba dawa imewafanya wazito, au mikono yao inatetemeka. Lakini hesabu vizuri: wasanii 18 kati ya 24 hawakupungukiwa na kazi, na nusu yao wote walizidi. Ukiona umekuwa mzito, mwambie daktari. Aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Usiitupe dawa kisiri, kwa maana dhoruba hurudi, na mara nyingi hurudi kwa nguvu zaidi.

Tena, mwaka 2011 wataalamu wa Uswidi walitoa uchunguzi wa maelfu ya watu. Waliona kwamba watu wenye baipola ni wengi katika kazi za sanaa na ubunifu kuliko ilivyotazamiwa. Lakini waliona pia kwamba ndugu zao wasio wagonjwa nao ni wengi katika kazi hizo. Mnasikia? Ndugu mzima, asiye na ugonjwa, anacho kipawa. Basi usiseme kwamba ugonjwa ndio uliokupa nyimbo. Kipawa ni chako kutoka kwa Mungu. Wakati wa kupanda unaweza kutunga nyimbo 20 kwa usiku, lakini ni nani atakayezisahihisha, azifundishe kwaya, azilete mpaka mwisho? Kazi hiyo hufanywa na mtu aliyelala usingizi na kula ugali wake. Na wakati wa kushuka huandiki hata mstari. Cowper aliandika sana alipokuwa ametulia, si alipokuwa gizani.

Sasa nina mashauri machache ya kawaida, na naomba msiyadharau kwa kuwa ni ya kawaida.

La kwanza ni usingizi. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu usingizi ni nusu ya tiba. Kukosa usingizi kwaweza kuanzisha dhoruba. Hapa kwetu msanii huitwa usiku: kesha la maombi, matanga, kupiga muziki mpaka asubuhi. Ndugu yangu mwimbaji, una ruhusa ya kuimba mpaka saa tatu za usiku, kisha uende ukalale. Mungu aliyemlaza Eliya hatakuhesabia dhambi. Nanyi viongozi wa kwaya, msimlazimishe.

La pili ni kufunga. Mtu anayetumia lithiamu asifunge chakula na maji bila kumwuliza daktari. Joto letu la Kisumu mnalijua. Mtu akitoka jasho sana bila kunywa maji, au akiharisha, au akitapika, dawa hiyo huzidi mwilini na inaweza kuwa sumu. Hata vidonge vingine vya maumivu tunavyonunua dukani, kama ibuprofeni, huipandisha. Ndiyo maana madaktari hupima damu mara kwa mara. Basi nenda ukapimwe siku uliyopewa. Na mama au dada anayetazamia kupata mtoto amwambie daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa za ugonjwa huu humdhuru mtoto tumboni.

La tatu, weka agano na mtu mmoja unayemwamini. Siku ukiwa mzima mwambie, "Ukiniona silali siku mbili, ukiniona nauza vitu, nipeleke hospitali hata nikikataa. Shika simu yangu na pesa zangu mpaka nitulie." Mvuvi hufunga mashua kabla upepo haujaja.

La nne, fanya kazi kidogo kila siku. Siku ya giza usijidai wimbo mzima. Safisha brashi. Kaza nyuzi za nyatiti. Andika mstari mmoja. Kumbuka wale sungura wa Cowper.

Sasa nanena nanyi baba na mama, mume na mke, ndugu na dada. Kazi yenu ni ngumu, na Mungu anaiona. Msimfunge mgonjwa kwa kamba. Msimzungushe kwa waganga mpaka ng'ombe wakaisha. Katika kaunti zetu ziko hospitali za serikali. Hapa Kisumu tunayo hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi bado tunaiita Russia. Wazee wetu walijua Mathari peke yake, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1910, na jina hilo likawa kama tusi. Siku hizo zimepita. Mwaka 2020 jopo lililowekwa na serikali, likiongozwa na Daktari Frank Njenga, lilipendekeza kwamba afya ya akili itangazwe kuwa jambo la dharura la taifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ilirekebishwa, na serikali za kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hii.

Na mgonjwa akisema kwamba anataka kufa, msimkemee wala msinyamaze. Kukaa naye na kumwuliza waziwazi hakutampa wazo hilo. Kunaweza kumwokoa. Ondoeni vitu vya hatari, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Zamani watu waliogopa kwenda, kwa kuwa kujaribu kujiua kulihesabiwa kosa la jinai. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu huko Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, ni kinyume cha Katiba. Ikiwa hakimu wa dunia hii ameona kwamba mtu aliyevunjika moyo ahitaji tiba na wala si kifungo, sisi wa Kanisa tutakuwa wakali kuliko yeye?

Mwisho nanena na Kanisa, wazee, wainjilisti, Umoja wa Akina Mama na vijana. Mtu asimwambie mgonjwa, "Tumekuombea, sasa tupa vidonge." Maneno hayo yameharibu watu. Tunamwombea mwenye kisukari, naye anaendelea na sindano yake, na hakuna anayesema kwamba hana imani. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Sala na dawa zinatoka kwa Mungu mmoja.

Wala mtu asinyamazishwe kwa aibu. Hapa Kenya Sitawa Wafula, mwandishi anayeishi na kifafa na baipola, amesema hadharani juu ya maradhi yake, akaanzisha kazi ya kuwasaidia wengine iitwayo My Mind, My Funk. Ikiwa dada huyu ameweza kusema mbele ya taifa, je, mshiriki wetu hawezi kumwambia kasisi wake? Atasema akijua kwamba habari zake hazitafika kisimani kabla yake.

Na mgonjwa akirudi kutoka hospitali, mrudishieni nafasi yake katika kwaya. Labda asiongoze mara moja. Aimbe sauti ya tatu, aketi na wenzake. Madeni aliyoyafanya siku za dhoruba, kaeni naye myapange. Aliowaudhi, msaidieni apatane nao. Akianguka tena baada ya miaka miwili, mpokeeni tena. Malaika alikuja kwa Eliya mara ya pili.

Nimalize na ile Zaburi ya 88. Isomeni leo nyumbani. Ni zaburi yenye huzuni kuliko zote. Zaburi nyingi huanza kwa machozi zikaisha kwa sifa, lakini hii huanza gizani na kuisha gizani. Mwandishi wake ametajwa juu yake: Hemani Mwezrahi. Katika kitabu cha kwanza cha Nyakati tunasoma habari za Hemani mwimbaji, mmoja wa wale ambao Daudi aliwaweka juu ya kazi ya uimbaji katika nyumba ya Bwana. Wengi wamemhesabu kuwa ndiye huyo. Basi fikirini: msimamizi wa waimbaji aliandika wimbo usio na mwanga hata mwisho wake, na watu wa Mungu hawakuutupa. Waliuweka katika kitabu kitakatifu, kati ya nyimbo za shangwe, ili uimbwe. Walijua kwamba mtu anayelia gizani akimwita Mungu bado anasali.

Ndugu yangu uliye chini ya mretemu, Mungu ameipokea hata sala hiyo. Lala, ule, umeze dawa yako. Safari ni ndefu, na hukuachwa uende peke yako.

Na tuombe.

Ee Bwana Mungu, uliyemlisha Eliya jangwani, uwakumbuke leo watumishi wako wote ambao akili zao zinapanda na kushuka kama mawimbi ya ziwa letu. Uwape usingizi usiku huu. Uwape madaktari wenye upole na dawa zisizokosekana. Uwatie nguvu mama zao, wake zao na waume zao waliochoka. Ulinde kipawa ulichowapa, na zaidi ya kipawa uwalinde wao wenyewe. Ulisamehe Kanisa lako ambalo limependa wimbo likamsahau mwimbaji, utufundishe kuleta mkate na maji mara ya kwanza na mara ya pili. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyelala ndani ya mashua na kuamka kuutuliza upepo. Amina.